Mvi si Ushahidi: Tuwalinde Wazee wa Kilifi

Kaunti ya Kilifi wapo wazee wanaoitwa wachawi kisha wakauawa, na mara nyingi jamaa zao wenyewe huwa na mkono. Utafiti wa shirika la Haki Yetu umeonyesha kuwa nyuma ya tuhuma hizo aghalabu pana shamba linalogombaniwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 yasema kumwita mtu mchawi, au kumtisha kwa neno hilo, ni kosa. Mwenye shaka aende kwa chifu au polisi. Wazee waliotishwa wamekuwa wakihifadhiwa Kaya Godoma, Ganze. Ndugu zangu, mkisikia mzee anatajwatajwa matangani, msingoje: pigeni 999 au 112. Nalo suala la shamba limalizwe mapema, kwa maandishi na mashahidi.