Mikrobe moja, miji miwili: historia ya kansere ya tumbo ku Colombia

Wenzangu, leo ninawaletea historia ya miji miwili ya inchi ya Colombia, Amerika ya Kusini: Tumaco na Túquerres. Yote miwili iko katika jimbo la Nariño, na toka muji mumoja mupaka mwingine ni karibu kilomita 200. Tumaco iko ku bahari ya Pasifiki. Túquerres iko ku milima ya Andes, zaidi ya mita 3,000 juu. Waganga waliohesabu wagonjwa waliona kwamba kule mulimani kansere ya tumbo inapata watu karibu mara 25 kuliko kule bahari. Juu ya nini?

Mutu aliyeshikilia swali hili maisha yake yote ni Pelayo Correa, munganga wa Colombia. Mwaka 1975 yeye na wenzake walieleza kwamba kansere hii haiji kwa siku moja. Kwanza ngozi ya ndani ya tumbo inavimba, kisha inakonda, kisha chembe zake zinabadilika kufanana na za matumbo ya chini, kisha zinaharibika, na mwisho ndiyo kansere. Safari hiyo inaweza kuchukua miaka makumi. Wakati ule walishuku zaidi chakula na maji: chumvi mingi, matunda na mboga kidogo, na nitrate katika maji ya visima. Mimi niliyesoma agronomia, nilishangaa kukuta nitrate, ile tunayoisoma ku mbolea, ndani ya historia ya kansere.

Mwaka 1982, ku Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafaulu kuotesha mikrobe inayoishi ndani ya tumbo, ile tunayoita leo Helicobacter pylori. Mwaka 1994 shirika la OMS linalochunguza kansere likaiandika kati ya vitu vinavyoleta kansere kwa binadamu. Mwaka 2005 hao wawili wakapewa zawadi ya Nobel. Wengi wangesema swali limekwisha. Lakini ku Tumaco na ku Túquerres, karibu watu wazima 9 kati ya 10 wako na mikrobe hiyo. Kama mwizi ameingia nyumba zote mbili, namna gani moja tu ndiyo imebomoka?

Ndipo watafiti wakaanza kutafuta alama za hatari. Ku upande wa mikrobe kuko jeni inayoitwa cagA: mikrobe zilizo nayo zinaumiza tumbo zaidi. Ku upande wa mutu kuko jeni kama CDH1. Ikiharibika, kansere inapita katika familia, lakini hiyo inaeleza sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Hakuna moja kati ya alama hizo iliyotosha kueleza Nariño.

Mwaka 2014 kundi la watafiti, Correa akiwemo, likasoma asili ya pande zote mbili kwa pamoja: asili ya mutu na asili ya mikrobe yake. Watu wa Tumaco wengi ni wajukuu wa Waafrika walioletwa kwa nguvu kama watumwa. Watu wa Túquerres wengi ni wenyeji wa Amerika waliochanganyika na Wahispania. Mikrobe za zamani za wenyeji karibu zote zilipotea, zikachukuliwa nafasi na zile zilizotoka Ulaya na Afrika. Na jibu likaonekana: mikrobe ya asili ya Afrika ndani ya mutu wa asili ya Afrika inaumiza kidogo. Ndani ya mutu wa asili ya wenyeji wa Amerika, inaleta vidonda vibaya zaidi.

Sisi tunajua mufano wake ku shamba. Muhogo ulitoka Amerika, Wareno wakauleta Afrika. Huku ukakutana na virusi vya mimea ya huku ambavyo haukuwahi kuvijua, na ndiyo ugonjwa wa mozaiki unaokunja majani mupaka leo. Wageni wawili wakikutana bila kuzoeana, mumoja anaweza kulipa bei kubwa.

Historia hii iko na maana kwa wagonjwa wa leo. Ku Marekani, watu wanaoitwa Wahispania wanapata kansere ya tumbo karibu mara mbili kuliko wazungu wengine. Lakini jina hilo moja linafunika damu ya wenyeji, ya Ulaya na ya Afrika, tena kwa vipimo tofauti. Munganga anayeangalia jina peke yake hawezi kujua nani yuko hatarini. Kwa bahati, dawa iko: mwaka 2000 Correa na wenzake walionyesha, ku Nariño kwenyewe, kwamba kuua mikrobe kunaweza kurudisha vidonda nyuma kabla ya kansere.

Na sisi wa Kongo tusikimbilie kusema damu yetu inatukinga. Watu wa Tumaco wako na damu hiyo, na kansere ya tumbo bado inapata wamoja wao. Mwenzako akiumwa tumbo kwa miezi, akikonda, ao akitapika damu, umupeleke apimwe. Asipewe tu vidonge vya kutuliza. Ninyi wa fakilte ya médecine, munasema nini?