Sarkoma: saratani ya nyama na mifupa, na kwa nini uvimbe usichuliwe kabla ya kupimwa

Tunapofanya kipindi cha afya kuhusu saratani, meseji nyingi zinazoingia studio huuliza juu ya saratani ya mlango wa kizazi, ya matiti na ya tezi dume. Ni haki, kwa kuwa hizo huwapata watu wengi. Lakini ipo jamii nyingine ya saratani isiyosemwa sana, na wanaoipata mara nyingi ni vijana wa shule na watu wenye nguvu zao za kazi. Inaitwa sarkoma.

Katika makala hii tunaeleza sarkoma ni nini, inajionyesha vipi, na kwa nini hatua ya kwanza ambayo mgonjwa au mzazi anachukua inaweza kuamua kama mguu, au maisha yenyewe, yatasalimika. Sisi ni watangazaji, si madaktari. Makala hii ni ya kukusaidia kujua lini uende hospitali na uulize nini ukifika.

Sarkoma ni nini?

Saratani nyingi tunazozisikia huanzia kwenye utando unaofunika sehemu za mwili, kwa mfano utando wa koo la chakula au wa mlango wa kizazi. Wataalamu huziita kasinoma. Sarkoma huanzia kwingine, kwenye tishu unganishi. Hizo ni sehemu zinazoushikilia mwili na kuupa umbo: mifupa, gegedu, misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu na nyuzi zinazounganisha kiungo na kiungo. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama.

Kwa kuwa tishu hizi zimeenea mwili mzima, sarkoma inaweza kuota popote: paja, bega, tumboni nyuma ya matumbo, kwenye kizazi, hata kichwani. Aina zake ni zaidi ya 70. Kwa watu wazima ni nadra, takriban mgonjwa 1 katika kila wagonjwa 100 wa saratani. Kwa watoto sehemu yake ni kubwa zaidi, kati ya wagonjwa 10 na 15 katika kila 100.

Makundi makubwa ni mawili.

Kundi la kwanza ni sarkoma za mifupa. Inayojulikana zaidi ni osteosarkoma, ambayo huwapata hasa vijana walio katika umri wa kurefuka haraka. Hupenda kukaa karibu na goti, ama mwisho wa mfupa wa paja au mwanzo wa mfupa wa muundi, na pia sehemu ya juu ya mkono karibu na bega. Nyingine ni sarkoma ya Ewing, iliyopewa jina la daktari wa Marekani, James Ewing, aliyeieleza mwaka 1921. Hiyo nayo huwapata watoto na vijana, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika huonekana kwa uchache sana.

Kundi la pili ni sarkoma za tishu laini. Hapa kuna liposarkoma, inayoanzia kwenye mafuta, leiomaiosarkoma, inayoanzia kwenye misuli laini kama ya kizazi, na rabdomaiosarkoma, ambayo huwapata zaidi watoto wadogo. Sarkoma ya Kaposi nayo imo humu, na kwa ukanda wetu inastahili maelezo yake.

Sarkoma ya Kaposi

Mwaka 1872, daktari wa ngozi wa Vienna aitwaye Moritz Kaposi alieleza ugonjwa wa madoa na vinundu vya rangi ya damu ya mzee kwenye miguu ya wanaume wenye umri mkubwa. Kwa miaka mingi Ulaya iliuhesabu kuwa ugonjwa wa wazee wachache. Huku kwetu, madaktari wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wakiuona kwa watu wazima na hata watoto, kabla UKIMWI haujajulikana.

Mwaka 1981 madaktari wa New York na California walishangaa kuukuta kwa vijana wa kiume. Ulikuwa mmoja wa milango iliyowafikisha kuutambua UKIMWI. Mwaka 1994 watafiti Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachohusika, ambacho leo huitwa HHV-8. Kirusi hiki huenea hasa kwa mate, na wengi walionacho hawaugui kamwe. Kinga ya mwili ikishuka, kama inavyotokea kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, ndipo saratani hupata nafasi.

Kwenye ngozi nyeusi madoa yake huonekana meusi au ya kahawia iliyokolea, mara nyingi hayawashi wala hayaumi. Angalia nyayo, miguu na uso, kisha fungua mdomo utazame kaakaa. Wakati mwingine mguu mmoja huvimba na ngozi yake kuwa ngumu, na watu hudhani ni matende. Kwa mgonjwa mwenye VVU, tiba huanza na dawa za kufubaza virusi, na wengine huhitaji pia dawa za saratani. Wapo wanaopona madoa kwa kutumia ARV peke yake kwa uaminifu, hasa ugonjwa ukiwa bado mdogo.

Inasababishwa na nini?

Ukiacha Kaposi, wagonjwa wengi wa sarkoma hawana sababu moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Yapo mambo machache yanayoongeza uwezekano: kuwahi kutibiwa kwa mionzi sehemu hiyo miaka ya nyuma, kuvimba kwa mkono au mguu kwa miaka mingi kwa sababu ya maji ya limfu kuzuiliwa, na kurithi hitilafu fulani za vinasaba. Mtoto aliyeugua saratani ya jicho ya kurithi, retinoblastoma, anahitaji kufuatiliwa akikua, kwa kuwa uwezekano wake wa kupata osteosarkoma ni mkubwa kuliko wa wenzake.

Kuanguka au kupigwa teke uwanjani hakuleti sarkoma. Kinachotokea ni kwamba mtoto anaumia, mzazi anaangalia goti, na uvimbe uliokuwapo tayari unaonekana kwa mara ya kwanza. Basi kila mtu anasema, “ni ile siku ya mpira.” Wengine husema ni mkono wa mtu. Hapo miezi hupotea.

Sarkoma haiambukizwi kwa kumuuguza mgonjwa, kula naye au kulala naye chumba kimoja.

Dalili za kutokudharau

Uvimbe mwingi chini ya ngozi si saratani. Uvimbe wa mafuta, ule laini unaosogea ukiusukuma na kukaa ulivyo miaka mingi, ni wa kawaida sana. Lakini nenda ukapimwe ukiona moja kati ya haya:

– Uvimbe unaozidi sentimita 5, yaani karibu ukubwa wa yai la kuku.
– Uvimbe unaoendelea kukua, hata kama hauumi.
– Uvimbe uliokaa ndani, chini ya misuli, usiosogea ukiushika.
– Uvimbe uliowahi kuondolewa kisha ukarudi palepale.
– Maumivu ya mfupa kwa mtoto au kijana yanayodumu wiki kadhaa, hasa yanayomwamsha usiku.
– Mfupa uliovunjika kwa jambo dogo, kama kujikwaa.
– Madoa meusi au vinundu vipya kwenye ngozi au mdomoni, hasa kwa mwenye VVU.

Tunasisitiza hili la maumivu: sarkoma nyingi za tishu laini haziumi mwanzoni. Ndiyo maana mtu hutembea na uvimbe pajani mwaka mzima akisema, “hauniumi, nitaenda nikipata nafasi.” Kwa uvimbe unaokua, kutokuuma si dalili njema.

Usichue, usikate, usichanje

Goti la kijana likivimba, wengi wetu tunajua linakoelekea: kwa mkandaji, kwa maji ya moto na chumvi, kwa mganga wa mifupa, pengine kuchanjwa na kupakwa dawa. Hatuwadharau wazee wetu wanaofanya kazi hizo. Kwa misuli iliyokaza wanasaidia. Lakini mfupa wenye osteosarkoma umedhoofika, na kuuvuta au kuukanda kwa nguvu kunaweza kuuvunja. Kuchanja hufungua kidonda juu ya uvimbe. Na zaidi ya yote, kila wiki inayopita ugonjwa unapata nafasi ya kusafiri. Sarkoma husafiri zaidi kwa njia ya damu, na kituo chake cha kwanza huwa mapafu.

Onyo hili linahusu pia upasuaji wa haraka kwenye vituo vidogo. Uvimbe ukidhaniwa ni jipu au mafuta ukakatwa bila kupimwa, kumbe ni sarkoma, chembe za saratani hubaki na kusambaa kwenye nyama iliyo jirani. Daktari bingwa atalazimika kurudia, safari hii akitoa nyama nyingi zaidi, na kiungo ambacho kingeweza kuokolewa kinaweza kupotea. Kwa hiyo ukiambiwa uvimbe mkubwa “utolewe tu,” una haki ya kuuliza kwa heshima: daktari, umepigwa picha? Kinyama kitapelekwa maabara?

Vipimo vinavyohitajika

Hatua ya kwanza ni picha. Kwa mfupa, eksirei ya kawaida, ambayo hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya, inaweza kuonyesha tatizo. Kwa tishu laini huanza ultrasaundi, kisha MRI kwenye hospitali kubwa. Mapafu nayo hupigwa picha ili kuona kama ugonjwa umefika huko.

Hatua ya pili ndiyo inayotoa jibu: kuchukua kinyama kidogo cha uvimbe, mara nyingi kwa sindano nene, na kukichunguza kwa hadubini. Inafaa kifanywe na timu itakayompasua mgonjwa, au kwa kushauriana nayo, kwa sababu njia iliyopita sindano huenda ikabidi iondolewe pamoja na uvimbe. Watu wengi huogopa kwamba “kugusa kansa kunaiamsha.” Kipimo kikifanywa kwa utaratibu, faida yake ni kubwa kuliko hatari, na bila hicho hakuna anayeweza kuchagua tiba sahihi.

Tiba, na hofu ya kukatwa mguu

Tiba kuu ya sarkoma nyingi ni upasuaji unaotoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka. Kwa aina nyingine huongezwa mionzi au dawa za saratani, kabla au baada ya upasuaji.

Osteosarkoma inatuonyesha tofauti ambayo dawa zimeleta. Kabla ya miaka ya 1970, mgonjwa alikatwa mguu na bado wengi walifariki, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshajificha mapafuni. Dawa kama doksorubisini na sisplatini zilipoongezwa, hali ilibadilika. Leo, katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya nusu ya wanaowahi kabla ugonjwa haujasambaa wanapona.

Kijana wa Kanada, Terry Fox, aliugua katika kipindi hicho cha mabadiliko. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya osteosarkoma. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373 kabla ya kusimama. Ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Mbio za kumkumbuka bado zinafanyika kila mwaka.

Kukatwa kiungo hakufanyiki kwa kila mgonjwa. Uvimbe ukiwahiwa, mara nyingi madaktari wanaweza kutoa sehemu yenye ugonjwa na kuuacha mguu. Pale inapobidi kukata, familia nyingi huondoka hospitali kimyakimya na kurudi baada ya miezi, wakati nafasi imeshapita. Uamuzi huo ni mzito na hatutaurahisisha. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kuondoka, uliza maswali yote, omba kuonana na mtu anayetembea kwa mguu wa bandia, na umshirikishe kijana mwenyewe. Mguu ni wake.

Uanzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze uvimbe umekua kwa muda gani, kisha omba barua ya rufaa. Kwa Tanzania, matibabu ya saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Uvimbe wa mifupa huonwa pia na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kwa wasikilizaji wetu walio Uganda, ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala.

Beba picha na majibu yote ya awali. Kama fedha ni tatizo, usirudi nyumbani kabla ya kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na kama tayari umeshapita kwa mkandaji au kwa mganga, mwambie daktari bila kuona aibu. Anahitaji kujua ili akusaidie vizuri.

Leo jioni, mtoto akilalamika tena kuhusu goti lile lile, weka mafuta ya kuchulia pembeni. Linganisha goti hilo na la pili. Kama limevimba, au maumivu yamepita wiki kadhaa, kesho asubuhi mpeleke akapigwe picha.