Je, Mtoto Mchanga ni Abiria? Safari Tatu za Familia Moja ya Magara, 1972–2008

Utangulizi

Historia ya ukimbizi wa Warundi huandikwa kwa idadi za watu, majina ya kambi na majina ya marais. Katika vitabu vingi nilivyosoma tangu nianze chuo, mtoto mchanga hutajwa ndani ya maneno mawili tu: "wanawake na watoto". Hatuambiwi alibebwaje, alilishwa nini njiani, wala nani aliamua kwamba anaweza kusafiri. Insha hii inauliza swali dogo: katika safari za mbali za watu wa pwani ya Rumonge, mtoto mchanga alihesabiwa kuwa abiria, au alikuwa sehemu ya mzigo wa mama yake?

Ili kujibu swali hilo nitafuata safari tatu za mtu mmoja, yaani shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita masenge. Katika safari ya kwanza alikuwa yeye mwenyewe mtoto mchanga ndani ya mtumbwi. Katika ya pili alibeba mtoto wake mgongoni ndani ya boti. Katika ya tatu alipanda ndege kwenda Marekani akiwa na watoto wawili wadogo. Ushahidi wangu ni masimulizi ya bibi yangu na ya shangazi mwenyewe, pamoja na kanuni za usafiri zinazojulikana. Hoja yangu ni kwamba chombo kilipokuwa salama zaidi, mtoto naye alihesabiwa zaidi. Kuhesabiwa huko kulikuwa na bei. Kutohesabiwa nako kulikuwa na bei yake, ila ililipwa miaka mingi baadaye.

Ziwa: 1972 na 1996

Magara iko kando ya Barabara ya Taifa namba 3, kati ya Bujumbura na mji wa Rumonge. Upande mmoja milima inapanda ghafla. Upande wa pili ni Ziwa Tanganyika, na anga likiwa safi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika maeneo ya kusini, hasa Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua watu, wengi wao wakiwa Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu kwa wingi nchini kote, kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Kwa waliokuwa kandokando ya ziwa, njia ya karibu ya kutokea ilikuwa maji.

Bibi alivuka usiku akiwa na shangazi, aliyekuwa na umri wa miezi kumi. Anasema jambo lililowatia watu hofu kuliko mawimbi lilikuwa kilio cha mtoto. Sauti husafiri mbali juu ya maji, na mtoto mmoja akilia, mtumbwi mzima unajulikana ulipo. Wanaume waliokuwa wakipiga makasia walimwambia wazi kwamba asipomnyamazisha mtoto, hawatampakia. Kwa hiyo alimfunga kwa mbeleko kifuani badala ya mgongoni, akamnyonyesha usiku kucha. Mpaka leo husema kwa kifupi, "Ziwa lilituvusha, na ziwa lilimnyamazisha."

Tukio hilo linaonyesha hadhi ya mtoto katika safari ile. Mwenye mtumbwi alitoza nauli kwa kichwa cha mtu mzima. Mtoto wa mgongoni hakulipiwa chochote, lakini pia hakuwa na nafasi yake. Alikubaliwa kwa sharti la kutosikika. Walipofika ng'ambo hakuna aliyeandika jina lake. Bibi alianza upya katika eneo la Fizi, akalima mihogo, akazaa watoto wengine, baba yangu akiwa mmoja wao.

Safari ya pili ilikuja mwishoni mwa 1996, vita vilipoanza mashariki mwa Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Mji wa Uvira ulianguka mwezi Oktoba, na maelfu ya watu wakakimbilia ziwani kuelekea Kigoma. Shangazi sasa alikuwa na umri wa miaka 25, na mtoto wa kwanza mgongoni. Boti lilikuwa na injini, lakini halikuwa na maboya ya kuokolea. Tofauti kubwa ilikuwa upande wa pili. Huko Tanzania familia iliandikishwa, na mtoto yule akaandikwa kwenye kadi ya mgao wa chakula. Kwa mara ya kwanza katika familia yetu mtoto wa mgongoni alihesabiwa kuwa mtu mmoja kamili, kwa sababu unga na maharage vilipimwa kwa idadi ya watu. Waliishi katika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu. Miaka michache baadaye mimi nami nilizaliwa huko.

Maandalizi: karatasi za mtoto

Mwaka 2006 Marekani ilikubali kuwapokea Warundi waliokimbia 1972, ambao wengi wao walikuwa wameshakimbia zaidi ya mara moja. Waliondoka hasa kati ya 2007 na 2009, na jumla yao ilikuwa zaidi ya watu 8,000. Usafiri wao ulisimamiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), ambalo mfuko wake mweupe wenye herufi za buluu ulijulikana na kila mtu kambini. Mfuko huo ulibeba karatasi zote, na aliyeupoteza alikuwa kama amejipoteza mwenyewe.

Shangazi alikubali kwenda. Bibi alikataa. Alisema ameshavuka maji mara mbili na hatavuka bahari, kwa kuwa shamba lake liko Magara. Hivyo mwaka 2008 familia iligawanyika. Bibi, wazazi wangu na mimi tulirudi Burundi, na shangazi akaondoka na mume wake na watoto. Wawili kati ya watoto hao walikuwa wadogo: mmoja wa miezi tisa, mwingine wa miaka miwili na nusu.

Katika maandalizi, mtoto wa miezi tisa aliitwa kwa jina lake kila hatua. Alihojiwa pamoja na wazazi, alipimwa na daktari, na picha yake iliwekwa kwenye jalada. Waliosafiri kutoka Afrika walipewa dawa za malaria na za minyoo kabla ya kuondoka, lakini mtoto mwenye uzito chini ya kilo 5 hakupewa dawa ya malaria, kwa sababu dozi haikumfaa. Mama aliyejifungua wakati safari inakaribia alilazimika kusubiri mtoto aongezwe kwenye jalada. Mjamzito aliyekaribia wiki ya 36 hakuruhusiwa kuruka. Kwa hiyo mtoto, hata aliye tumboni, aliweza kuahirisha safari ya familia nzima. Tukumbuke kwamba mwaka 1972 kilio chake tu kilitosha kumfanya aachwe ufukweni.

Angani: paja na kiti

Mashirika ya ndege yamekuwa yakijiuliza swali letu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 shirika la Uingereza, BOAC, lilikuwa tayari likiweka vitanda vidogo vya watoto ndani ya ndege zake. Kanuni iliyoenea hadi leo ni kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili husafiri juu ya paja la mtu mzima. Katika safari za kimataifa nauli yake kwa kawaida ni asilimia 10 hivi ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka miwili ni lazima awe na kiti chake. Kwa hiyo ndani ya familia moja, mtoto wa miaka miwili na nusu alikuwa abiria mwenye kiti, na mdogo wake alikuwa abiria wa paja.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu: kutoka Kigoma hadi Nairobi, kisha saa nane hivi hadi Ulaya, kisha zaidi ya saa nane tena hadi Marekani. Shangazi anakumbuka mambo matatu. La kwanza ni mkojo. Kambini watoto walivaa vitambaa, lakini ndani ya ndege walipewa nepi za kutupa ambazo hajawahi kuzifunga. La pili ni mtoto mkubwa, ambaye hakuelewa kwa nini mlango haufunguliwi ili atoke nje kucheza. La tatu ni masikio.

Jambo la masikio linahitaji maelezo. Ndege huruka kwenye kimo cha mita 10,000 hivi, lakini hewa ya ndani hurekebishwa ifanane na ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtu wa Magara, ambako ziwa liko kwenye mita 770 hivi, ni kama kupandishwa milima ya Mugamba kwa muda mfupi na kushushwa tena. Mtu mzima humeza mate au hupiga mwayo na masikio yake hufunguka. Mtoto hajui kufanya hivyo, na njia inayounganisha sikio lake na koo ni nyembamba. Ndiyo maana akina mama hushauriwa kunyonyesha ndege inaposhuka. Shangazi aliambiwa hivyo na mama mmoja Mkongo aliyeketi nyuma yake, akafanya, mtoto akanyamaza. Mama na binti walitumia njia ileile miaka 36 mbali. Mmoja alinyonyesha mtoto asisikike, mwingine alinyonyesha mtoto asiumie.

Hata hivyo, paja si mahali salama kabisa. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya shirika la United, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Marekani. Kabla ya kuanguka, wazazi waliokuwa na watoto wa paja waliambiwa wawaweke sakafuni, kama utaratibu wa wakati huo ulivyotaka. Mtoto mmoja kati yao alifariki. Mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, alitumia miaka mingi baadaye kudai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Mamlaka ya anga ya Marekani ilipendekeza viti vya watoto lakini haikuvifanya vya lazima. Ilisema kwamba gharama ya tiketi nyingine ingezifanya familia zisafiri kwa magari, na barabarani vifo ni vingi zaidi. Kwa hiyo hata katika chombo salama kuliko vyote, nafasi ya mtoto bado iliamuliwa kwa kupima bei.

Bei ya kuhesabiwa

Tiketi za wakimbizi waliokwenda Marekani zilikuwa mkopo usio na riba. Watu wazima walitia sahihi hati ya deni kabla ya kuondoka, na nauli za watoto ziliingizwa humo. Malipo huanza miezi michache baada ya kufika. Shangazi alilipa kidogokidogo kwa zaidi ya miaka mitatu, kutokana na mshahara wa kufanya usafi hotelini. Anasema alipomaliza alimwambia mwanawe wa mwisho, "Sasa paja langu limelipwa."

Wapo watakaosema kwamba hii ni dhuluma. Mimi nilifikiri hivyo nilipoanza kuandika insha hii. Lakini yaliyotupata sisi tuliorudi yalinifanya nifikiri upya. Tulipofika Magara tulikuta shamba la bibi likilimwa na familia nyingine, tena kwa miaka mingi. Migogoro kama hiyo ilikuwa mingi katika pwani ya Rumonge, penye michikichi na ardhi nzuri, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine (CNTB) iliundwa mwaka 2006 kuishughulikia. Bibi aliulizwa nani waliishi pale mwaka 1972. Kuhusu binti yake hakuwa na karatasi hata moja, na majirani wazee walikumbuka mama, hawakumkumbuka mtoto wa mgongoni. Mwishowe shamba liligawanywa baina ya familia mbili.

Huko Marekani nako, shangazi aliandikwa kuwa amezaliwa Januari 1, kama wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti. Bibi anajua kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, mwanzoni mwa kiangazi. Mwanawe wa miezi tisa ana tarehe kamili, ana picha, na ana jina kwenye tiketi. Deni lake limeisha, lakini kumbukumbu yake imebaki.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, safari hizi tatu zinaonyesha kwamba mtoto mchanga wa pwani yetu alianza bila jina ndani ya mtumbwi, akawa mgao wa unga kambini, kisha akawa asilimia 10 ya abiria angani. Si kila hatua ilikuwa ya haki. Hata hivyo, nikilinganisha hati ya deni ya shangazi na ukimya uliomzunguka alipokuwa na miezi kumi, naona kwamba deni liliweza kulipwa, na ukimya ule mpaka leo haujalipwa.

Mwaka 2015 watu wa pwani hii walikimbia tena, wakajazana Kagunga, na meli ya Liemba ikawapeleka Kigoma, wengi wakiwa na watoto mgongoni. Mama zao bado ni vijana na wanakumbuka. Ninawaomba wanafunzi wenzangu wanaokusanya masimulizi wasiishie kuuliza mlikuwa wangapi. Waulize pia nani alibebwa, na alibebwaje. Mwaka huu mtoto wa shangazi, yule aliyekuwa na kiti chake mwaka 2008, anapanga kuja Magara na mtoto wake wa miezi minane. Bibi alipopewa habari kwa simu aliuliza kwanza kama mtoto ameandikiwa jina lake kwenye tiketi. Tulimwambia ndiyo.