Thuria Nyeusi Katika Chumba cha Kulia

Leo twazungumza habari ya kitu ambacho bila shaka umekwisha kukiona msikitini, kanisani au katika hoteli kubwa, nacho ni thuria. Jina hili lina asili ya Kiarabu, na kwa Waarabu ni jina la lile kundi la nyota ambalo sisi twaliita kilimia. Aliyeipa taa jina la nyota hizo alikuwa na macho mazuri, maana taa ndogo nyingi zilizokusanyika juu gizani zafanana hasa na kilimia.

Siku hizi thuria nyeusi zauzwa madukani, na watu huzitundika juu ya meza ya kulia. Labda nawe, msomaji, unatengeneza nyumba yako, umeiona moja, ikakupendeza. Kabla hujatoa fedha yako, yafaa ujue kwamba kwa muda wa karne nyingi ingalikuwa vigumu kumpata tajiri wa kutundika kioo cheusi juu ya chakula chake. Angaliona ni wazimu.

Sababu ilikuwa bei ya mwanga. Huko Ulaya zamani ilikuwako mishumaa ya namna mbili. Ya kwanza ilitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe na kondoo, nayo ilinuka na kutoa moshi. Ya pili ilikuwa ya nta ya nyuki. Hiyo iliwaka vizuri, lakini mtu wa kawaida hakuimudu. Tena serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya mishumaa tangu mwaka 1709 mpaka 1831, na mtu hakuruhusiwa kujitengenezea mishumaa nyumbani pasipo leseni. Basi fikiri: mwenye nyumba aliyewasha mishumaa 40 kwa usiku mmoja alikuwa akichoma fedha mbele ya wageni wake, na wageni walijua hivyo. Hiyo ilikuwa nusu ya fahari yenyewe.

Mtu mwenye moto mchache hutafuta kitu cha kuuzidisha. Katika kanisa kuu la Aachen, Ujerumani, yatundikwa mpaka leo thuria iliyotolewa na mfalme Frederick Barbarossa kati ya miaka ya 1165 na 1170 kwa kadiri. Ni duara kubwa la shaba iliyopakwa dhahabu, lenye mishumaa 48. Dhahabu ile haikuwa pambo tu, bali iliupokea mwanga na kuurudisha chini. Huko Ufaransa, Louis wa 14 alikwenda mbali zaidi. Ukumbi wake wa vioo katika jumba la Versailles, uliomalizika mwaka 1684, ulitiwa vioo 357 vya kujitazamia, na ndani yake zikawamo taa na vyombo vya fedha tupu. Lakini mwaka 1689 vita vilimmalizia hazina, akaamuru vyombo vile vya fedha viyeyushwe na kupigwa sarafu. Thuria zikageuka mishahara ya askari!

Wala usidhani mambo haya yalikuwa ya Wazungu peke yao. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotaja utajiri wa watu wa Pate uliokwisha kupotea, alizitaja taa za nyumba zao, za kioo na za shaba. Kioo na shaba: yaani vitu ving'aavyo.

Kioo kilipata nguvu mpya mwaka 1674, wakati Mwingereza George Ravenscroft alipopewa hati ya serikali ya kumlindia ufundi wake wa kutengeneza kioo kipya. Kioo hicho kikaja kusifika kwa madini ya risasi yaliyotiwa ndani yake. Kilikuwa kizito, na laini kukikata. Mafundi wakakikata pande nyingi ndogo ndogo, na kila pande ikauvunja mwanga na kuurusha upande mwingine, hata mshumaa mmoja ukaonekana kama kumi.

Uzito huo ulikuwa na hatari zake. Katika mji wa Bath, Uingereza, kumbi za dansi zilifunguliwa mwaka 1771 zikiwa na thuria mpya za kioo. Mwaka huo huo mkono wa moja ulivunjika ukaanguka, nusura umpige mchoraji mashuhuri Thomas Gainsborough. Thuria zile zikaondolewa, na fundi mwingine, William Parker wa London, akaleta zake, tano, za mishumaa 40 kila moja katika ukumbi mkubwa. Hizo zapo hata leo. Jumba lenyewe lilipigwa mabomu likaungua mwaka 1942, lakini thuria zilikuwa zimekwisha kufichwa.

Je, rangi nyeusi ilikuwa wapi wakati huo wote? Ilikuwa kwa mhunzi. Chuma kikitoka motoni huvaa ngozi nyeusi. Mhunzi hukisugua kwa mafuta au nta kingali moto, kisipate kutu, na weusi wake huzidi. Duara la chuma lenye miiba ya kuchomekea mishumaa, likiwa na mnyororo, lilitosha katika nyumba isiyo na dhahabu. Kwa watu wengi weusi huo haukuchaguliwa. Ulibaki tu mahali ambapo fedha haikufika.

Mambo yaligeuzwa na gesi kwanza, kisha umeme. Edison alionyesha globu yake mwaka 1879, na mwaka 1881 jumba la michezo la Savoy, London, likawa jumba la kwanza la watu wote kuangazwa lote kwa umeme. Polepole mwanga ukawa rahisi. Hata ukazidi, ukaumiza macho. Swali la fundi likawa jipya: siyo tena namna ya kuuongeza mwanga, bali namna ya kuufuga. Hapo ndipo weusi ulipopata kazi. Mfaransa Serge Mouille, aliyejifunza ufundi wa fedha, alianza mwaka 1953 kutengeneza taa za mikono mirefu myembamba kama miguu ya buibui. Chengeu zake alizipaka rangi nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani. Kwa maoni yangu hakuna aliyeielewa rangi nyeusi kuliko yeye. Mwanzoni mwa karne ya 21 kiwanda cha Baccarat, kilichotengeneza kioo tangu mwaka 1764, kikatoa thuria za kioo cheusi kwa kazi ya Philippe Starck, na watu wakaigiza duniani kote.

Sasa turudi kwenye meza yako. Kioo cheusi hakipitishi mwanga. Hung'aa kwa juu tu, kama ngozi ya mbawakawa. Kwa hiyo ukinunua thuria ambayo globu zake zimefichwa nyuma ya vioo vyeusi, wageni wako watakula samaki wasione miiba. Chagua ambayo globu zake zi wazi, au ambayo chengeu zake ni nyeupe au rangi ya dhahabu kwa ndani. Kuta na dari ziwe nyeupe. Iinamie meza, chini yake ibaki nafasi ya sentimita 75 hadi 90. Kama wakaa pwani, angalia maungio ya chuma, maana hewa ya chumvi huanza kula hapo kabla hujaona doa lolote. Vumbi nalo huonekana juu ya weusi kuliko juu ya kioo cheupe, jambo ambalo muuzaji hatakuambia.

Tena kumbuka ule mkono wa Bath. Kulabu yako ishike boriti, isishike lipu ya dari, na fundi aijaribu kwanza kwa mzigo uzidio uzito wa thuria, meza ikiwa imeondolewa chini yake.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza habari za vioo vya madirisha na kodi iliyowafanya Waingereza kuyaziba kwa matofali. Kwaherini.