Mali Bila Daftari

Watu wengi wasomapo historia hupenda kusikia habari za vita, safari na wafalme. Iko historia nyingine isiyopigiwa ngoma, nayo ni historia ya kununua. Kila daraja uvukalo, kila barabara upitayo na kila dawati ukaliapo lilinunuliwa na mtu fulani, kwa bei fulani, kwa mwuzaji fulani. Mnunuzi akiwa mwangalifu, kazi husimama na watu hufaidika. Akiwa mzembe au mwizi, kazi huanguka, na deni lake hulipwa na watoto ambao hawakuulizwa neno. Nataka, msomaji wangu, tufuatane katika habari hii, maana inakuhusu zaidi kuliko unavyodhani.

Fikiri juu ya mkazi wa Makongeni, mtaa wa mji wa Thika ulio kando ya barabara iendayo Garissa. Asubuhi hupanda matatu, akaingia njia kuu iliyo pana, akaelekea Nairobi kwa kazi yake. Zamani ya njia hiyo ilikuwako reli, ambayo ilifika Thika katika mwaka wa 1913 ili kuchukua mkonge, kahawa na mazao mengine ya mashamba. Na reli hiyo ilikuwa tawi tu la reli kubwa zaidi, iliyotoka Mombasa. Tuanze na ile kubwa, kwani ndiyo iliyotoa mafunzo mengi.

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa katika mwaka wa 1896. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 ikafika ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Kisumu leo. Urefu wake ulikuwa kama maili 580. Nchi iliyopitiwa na reli hiyo haikuwa na kiwanda cha chuma, wala bandari yenye vyombo vya kupakulia mizigo mizito. Reli, injini, mabehewa na vyuma vya madaraja vilibidi kuagizwa ng'ambo. Kitu kimoja kilichosahauliwa katika orodha kiliweza kuwakalisha bure maelfu ya watu kwa miezi, wakingoja meli.

Tazama jinsi wasimamizi wa kazi hiyo walivyofikiri kabla ya kununua. Kwanza walichagua upana wa mita moja kati ya reli na reli, upana uliotumika sana India. Kwa uamuzi huo mmoja waliweza kupata upesi injini zilizokwisha kutumika India, na mafundi waliozizoea. Pili, walinunua mataruma ya chuma badala ya mataruma ya mti, kwa kuwa mchwa wa nchi hizi hawangaliacha mti udumu. Bei ya chuma ilikuwa juu, lakini taruma linaloliwa na mchwa lingenunuliwa mara mbili na mara tatu. Mnunuzi mwenye akili hahesabu bei ya siku ya kununua tu; huhesabu na miaka ambayo kitu kitatumika.

Kununua si kununua vitu tu. Kazi za watu nazo hununuliwa kwa mapatano. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba ili waijenge njia hiyo. Mfanya biashara mmoja wa Karachi, Alibhai Mulla Jeevanjee, alipewa kazi ya kuleta wafanya kazi, na baadaye ya kuwapatia chakula. Katika nyika ya Taru hapakuwa na maji, na maji yalichukuliwa kwa gari la moshi hadi mwisho wa njia ilipokuwa ikitandikwa. Treni ya maji ikichelewa, watu waliona kiu siku hiyo hiyo. Karibu watu 2,500 katika hao waliotoka India walikufa kabla kazi haijaisha, wengi kwa maradhi. Basi usidhani kwamba orodha ya dawa, unga na maji ni karatasi ya karani tu. Katika kazi kama ile, uhai wa mtu umo ndani ya orodha.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Katikati ya mwaka wa 1897 mafundi wa mitambo wa Uingereza waligombana na waajiri wao, na viwanda vingi vikafungwa hadi mwanzo wa mwaka wa 1898. Injini zilizoagizwa zikachelewa. Wasimamizi walifanya nini? Waligeukia Marekani, wakanunua injini katika kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia. Baadaye, njia ilipofika mabonde marefu ya Mau, zabuni za madaraja zilishindanishwa. Kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company, iliahidi bei ndogo na muda mfupi kuliko Waingereza, ikapewa kazi ya kujenga madaraja 27. Walikuwako Waingereza walionung'unika kwamba fedha yao ilikuwa ikienda kwa wageni. Lakini kama mwuzaji mmoja tu ndiye angaliruhusiwa, njia ingalisimama mabondeni ikimngoja yeye.

Hata hivyo reli hiyo haikuwa bila ila. Bunge la Uingereza lilikubali pauni milioni 3 katika mwaka wa 1896. Kazi ilipokwisha, gharama ilikuwa imepita pauni milioni 5. Sababu moja kubwa ni kwamba hesabu ya kwanza ilitokana na upimaji wa haraka wa nchi. Huwezi kujua utanunua nini ikiwa hujajua utajenga nini.

Kama wasimamizi wa reli walipungukiwa katika kupima, wale wa karanga za Tanganyika walikosa kabisa. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Katika mwaka wa 1947 ilianza mradi wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana upesi, basi yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Filipino. Mengi yalifika yakiwa mabovu, na vipuri vyake havikupatikana. Vifaru vya vita navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Hakuna aliyekuwa ameijaribu ardhi ya Kongwa kwa miaka ya kutosha ili ajue kwamba mvua yake ni haba, na kwamba udongo wake hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Mradi uliachwa mwanzo wa mwaka wa 1951, na kama pauni milioni 36 zikafutwa katika daftari za Serikali. Waliofanya haraka ya kununua hawakupata karanga, na fedha haikurudi.

Sasa turudi Thika. Katika mwaka wa 2009 ilianza kazi ya kuipanua barabara ya Nairobi mpaka Thika, mwendo wa kilometa 50 hivi. Fedha ilitoka Serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki ya Exim ya China. Kazi iligawanywa mafungu 3, na makampuni 3 ya Kichina, China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, yakapewa kila moja fungu lake. Mgawanyo huo una faida: watu hufanya kazi mahali pengi kwa wakati mmoja. Lakini mabomba ya maji na nguzo za umeme zilizokuwa njiani zilibidi kuhamishwa kwanza, na jambo hilo likachelewesha kazi. Rais Mwai Kibaki aliifungua barabara tarehe 9 Novemba 2012, na gharama ilikuwa imezidi shilingi bilioni 30. Njia ikawa nzuri, na safari ikafupika. Lakini vivuko vya juu vya waendao kwa miguu havikuwa tayari vyote magari yalipoanza kwenda kasi, na watu wengi waligongwa wakivuka. Daraja la miguu ni kitu kidogo katika hesabu ya mabilioni, lakini likichelewa, mtu hulilipia kwa damu yake.

Kenya imejifunza kwa uchungu pia habari ya wizi katika ununuzi. Katika mwaka wa 2004 ilifichuliwa kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya Serikali na makampuni ambayo wenyewe hawakujulikana. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 227, ikaagiza kwamba ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa kushindana, na usiopoteza fedha. Sheria iliyofuata katika mwaka wa 2015 iliweka akiba ya sehemu 30 katika kila 100 za kazi hizo kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana wa Makongeni ajuaye kushona, kujenga au kuchomea vyuma aweza kuleta zabuni yake mbele ya Serikali yake mwenyewe.

Lakini sheria haijisomi. Siku moja, msomaji, wewe utakuwa mweka hazina wa chama, mwalimu mkuu, au mjumbe wa kamati ya maji. Utaletewa karatasi utie sahihi. Uliza kwanza: kitu hiki chahitajiwa kweli, na nani alipima? Uliza tena: ni wangapi walioshindana, na nani aliwalinganisha? Mwisho uliza: kikifika, nani atakihesabu na kukiandika? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukikosa jibu la swali moja katika hayo, weka kalamu chini mpaka ulipate.