Mikono Inayonawa Bila Maji: Historia ya Ugonjwa wa Rett

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa Rett. Ni ugonjwa adimu. Huwapata wasichana, karibu 1 kati ya 10,000, na wavulana mara chache sana. Lakini ukimpata mtoto wako, hesabu hiyo haikusaidii kitu. Nitawaeleza historia yake, kwa sababu ndani yake mna funzo kwa kila mlezi wa mtoto mwenye ulemavu.

Tuanzie Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka wa 1954. Inasimuliwa kwamba daktari wa watoto, Andreas Rett, aliwaona wasichana wawili katika chumba cha kungojea, wamepakatwa na mama zao. Wote wawili walikuwa wakisugua mikono, wakisugua tu, kama mtu anayenawa bila maji. Daktari alikwenda kutazama mafaili yao, akakuta habari zinafanana. Baadaye akawapata wengine kama hao.

Habari yenyewe ni hii. Mtoto huzaliwa salama na kuonekana anakua vizuri kwa miezi 6 hadi 18. Kisha mambo hurudi nyuma. Maneno aliyokuwa nayo hupotea. Mkono uliokuwa ukishika kikombe huacha kushika, na mahali pake kunakuja kule kusugua. Kutembea huwa kwa shida, na wengi hupata kifafa.

Hapa niungame jambo. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mama mmoja aliniletea binti yake kliniki akasema, "Sista, alikuwa akiniita mama, sasa ameacha." Nilimjibu, "Usijali, kila mtoto ana wakati wake." Nilikosea. Mtoto anayechelewa ni jambo moja. Mtoto anayepoteza kile alichokuwa nacho ni jambo jingine, naye hafai kungojewa hata mwezi. Yule mama alikuwa ameona sawa, mimi ndiye sikuwa nimesikia.

Turudi kwenye historia. Mwaka wa 1966 Daktari Rett aliandika aliyoyaona, lakini kwa Kijerumani, na madaktari wengi wa nchi nyingine hawakuyasoma. Ilipita miaka 17. Mwaka wa 1983 Bengt Hagberg wa Uswidi na wenzake waliandika kwa Kiingereza juu ya wasichana 35, wakauita ugonjwa huo kwa jina la Rett. Hata hivyo, kichwa cha makala hayo kilitaja usonji na kupotewa na akili. Mtu akisoma hivyo angedhani watoto hawa hawaelewi lolote.

Lakini mlezi anayekaa na mtoto huyu humwambia daktari, "Huyu ananisikia. Tazama macho yake." Na mwaka wa 2010 wataalamu walipopitia upya orodha ya dalili za Rett, waliandika humo kwamba watoto hawa huzungumza sana kwa macho. Waliandika pia kuwa mwitikio wao kwa maumivu huweza kupungua, na miguu na mikono yao huwa baridi. Leo tunafahamu kuwa ubongo unataka mkono ushike kijiko, lakini agizo halifiki vizuri. Mtoto si mkaidi wala si mvivu.

Je, kosa ni la nani? Swali hili limevunja nyumba nyingi. Mama huambiwa amelaaniwa, au amerogwa, au alikula kitu akiwa mjamzito. Jibu lilikuja mwaka wa 1999. Huda Zoghbi, daktari mzaliwa wa Lebanon, na wenzake huko Houston, Marekani, walionyesha kuwa ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika jeni moja iitwayo MECP2. Karibu watoto wote hawakuirithi. Hitilafu hutokea yenyewe, kabla hata mimba haijaonekana. Si mama, si baba, si jirani.

Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, iitwayo trofinetide. Dawa hiyo haiuponyi. Hupunguza baadhi ya dalili. Kwa hivyo kazi kubwa bado iko nyumbani, mikononi mwako mlezi.

Ukimwuliza jambo, mngoje. Hesabu kimoyomoyo hadi 10, hata 20, maana jibu lake huchelewa njiani. Mwonyeshe vitu viwili, kikombe cha uji na ndizi, uone macho yanakwenda wapi; hapo amechagua. Wakati wa kula mketishe wima, mpe kidogo kidogo, na akipaliwa mara kwa mara mpeleke kituo cha afya. Usimfunge mikono. Mshikie mmoja taratibu, na ule mwingine huenda ukapata nafasi ya kushika kijiko pamoja nawe. Kelele nyingi zikimsumbua, mtoe nje kwanza. Kila anapooga mkague mwili mzima, kwani anaweza kuungua au kuumia asilie. Mwekee jiko mbali na mvike soksi.

Usibebe mzigo huu peke yako. Katika hospitali kubwa mwulizie mtaalamu wa okupesheno therapi, yule anayefundisha watoto kula, kuvaa na kuoga. Nenda pia kwenye kituo cha EARC, vituo vya kupima mahitaji ya watoto wenye ulemavu vilivyoanzishwa hapa Kenya mwaka wa 1984.

Akina mama, ugonjwa huu ulijulikana kwa sababu mtu aliwatazama watoto wawili kwa makini. Wewe unamtazama wako kila siku. Ukiona amepoteza neno, au mkono umeacha kushika, nenda kliniki na kijitabu chake, useme. Muuguzi akikuambia ungoje, mwambie, "Sista, hakuchelewa. Amerudi nyuma." Rudia mpaka akusikie.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.