Damu Yenye Umbo la Mundu

Ukishika Barabara ya Naivasha kutoka Satellite, magharibi ya jiji la Nairobi, ukaelekea upande wa Uthiru na Kabete, utakaribia mahali ambapo maradhi ya mifugo huchunguzwa. Maabara hiyo ilianzishwa mwaka wa 1973, na tangu 1978 hata 1980 mkurugenzi wake alikuwa Anthony Allison. Huenda hujapata kulisikia jina hilo, ewe msomaji. Lakini makala aliyoyaandika juu ya damu yaligeuza fikira za waganga duniani, na chanzo chake kilikuwa katika nchi zetu hizi.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1925, akalelewa Kenya. Mwaka wa 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya. Wenziwe walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu.

Yafaa ufahamu kwanza alichokitafuta. Chembe nyekundu ya damu ni ya mviringo na laini. Katika maradhi ya selimundu chembe hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na huleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mtoto huugua akirithi sifa hiyo kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi na afya yake, ila aweza kuwarithisha wanawe. Zamani wengi wa waliougua walifariki wangali watoto. Basi mbona sifa hiyo haikupungua kizazi baada ya kizazi mpaka ikatoweka?

Allison aliona jambo la ajabu. Pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na sifa hiyo. Katika nyanda za juu za Nairobi hakutimia hata mmoja katika 100. Je, pwani na ziwani kuna nini kisichostawi hapa penye baridi? Kuna mbu waenezao malaria.

Lakini wazo si ushahidi. Baada ya kuhitimu udaktari alirudi Afrika Mashariki mwaka wa 1953, akapima watoto 290 katika Buganda. Kati ya 43 wenye sifa ya mundu, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria, yaani kama 28 katika 100. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo, yaani kama 46 katika 100. Tena wanaume 30 wa Kiluo walikubali kutiwa vijidudu hivyo. Miongoni mwa 15 wasio na sifa ile, 14 walipatwa. Miongoni mwa 15 wenye nayo, wawili tu. Mwaka wa 1954 alitangaza habari hizi katika jarida la waganga wa Uingereza. Sifa ile ile iletayo mauti ikirithiwa mara mbili, huwa ngao ikirithiwa mara moja.

Wako wataalamu waliomtilia shaka, nao walikuwa na haki. Kwani makala ya elimu huandikwa ili yapimwe na wengine. Uchunguzi uliofuata ulimthibitisha. Baadaye aligeukia elimu ya kinga ya mwili, na pamoja na Elsie Eugui akavumbua dawa ya kuuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1995. Alifariki mwaka wa 2014.

Lakini tafakari, msomaji. Sifa za ugunduzi ule zilimwendea aliyeandika, na damu ilitoka kwa watu ambao majina yao hatusomeshwi. Siku hizi jaribio la namna ile halifanywi kabla ya kamati ya maadili kulipima na kila mtu kueleweshwa hatari yake. Hilo ni deni tunalowalipa wale 30.

Na ukikutana na mwenzio mwenye selimundu, usiseme kuwa jamaa yake imelaaniwa. Wahenga wake waliishi penye mbu, na sifa anayoteseka nayo leo iliwaokoa wengi wao utotoni. Mpe heshima, nawe ujue damu yako mwenyewe ina nini kabla hujaoa au kuolewa.